Bibi yangu aliitwa Etheldreda. Hili jina lilitoka wapi, na mbona halisikiki tena?

BintiMuheza
Habari za jioni wakuu. Nina mimba ya miezi saba, mtoto wa kike. Mume wangu kakubali tumrithishe jina la bibi yangu mzaa mama. Shida ni jina lenyewe: Etheldreda.

Bibi alizaliwa upande wa Magila huku Muheza, akabatizwa Anglikana mwaka 1931. Kijijini wote walimwita Bibi Dreda, na nilimaliza shule ya msingi nikiamini Dreda ni jina la Kibondei. Juzi mjomba kafungua sanduku la makaratasi, ndipo nikakiona cheti cha ubatizo kimeandikwa Etheldreda kwa wino, mwandiko mzuri kweli.

Naomba kujua: ni Kiingereza au Kijerumani? Lina maana gani? Na mbona sijawahi kukutana na mwenye jina hilo hata mmoja zaidi yake? Wifi yangu kasema linasikika kama dawa ya kikohozi, na tangu aseme hivyo mume wangu ameanza kusitasita.

Kipanga_Mweusi
Huyo mtoto atafika darasa la nne bado anajifunza kuandika jina lake. Muiteni Neema yaishe.

NesiWaVinamasi
Hongera mdogo wangu, Mungu akufikishe salama. Na Kipanga acha hizo.

Swali lako limenikuta pazuri. Mimi ni nesi, nakaa Ely, mji mdogo kaskazini ya Cambridge. Huku Etheldreda, mtakatifu wa zamani, ndiye mwenye mji. Ndani ya kanisa kuu, mbele ya madhabahu, kuna bamba la jiwe sakafuni linaloonyesha palipokuwa kaburi lake mpaka lilipobomolewa mwaka 1541, enzi za Henry VIII. Watu huweka mishumaa pale. Nami nikitoka zamu ya usiku nikiwa na la kuomba, hupita hapo.

Ni Kiingereza, tena kile cha zamani ambacho Mwingereza wa leo hakielewi mpaka akisomee. Lenyewe hasa ni Æthelthryth. Kipande cha kwanza ni uungwana, yaani kuzaliwa ukoo wa watawala. Cha pili ni nguvu. Kulitamka si kazi kwa mtu wa pwani: dh ya dhahabu kwenye kipande cha kwanza, th ya thamani kwenye cha pili. Etheldreda ni namna watawa walivyoliandika kwa Kilatini, na Kilatini ndicho kilicholisafirisha hadi Magila.

Ila usimwambie wifi kwamba wazazi walikaa kitako wakatunga "nguvu ya kiungwana". Watu wale walikuwa na akiba ya vipande vya majina, wakaviunganisha, na kipande kimoja huweza kuzunguka ukoo mzima. Dada zake huyu Etheldreda ni Æthelburh na Seaxburh. Baba yao, mfalme wa East Anglia, aliitwa Anna. Ndiyo, mwanaume, na vita alipigana mpaka vikamuua.

Habari zake tunazo kwa sababu mtawa mmoja, Bede, aliziandika katika historia ya kanisa la Waingereza aliyoimaliza mwaka 731. Etheldreda aliolewa mara mbili. Mume wa kwanza, Tondberht, alikufa mapema. Mwaka 660 akaozwa kwa Ecgfrith, kijana wa miaka kama 15 aliyekuja kuwa mfalme wa Northumbria. Bede anasema walikaa miaka 12 na mwanamke akabaki bikira. Mfalme alichoka kusubiri, akamwendea askofu Wilfrid akamwahidi mashamba na fedha tele amshawishi mke wake. Wilfrid hakufanikiwa (kwa maoni yangu hata hakujaribu), na mwisho ni yeye huyo huyo aliyemvika shela ya utawa. Mwaka 673 Etheldreda akaanzisha monasteri hapa Ely, wanawake na wanaume, na mkuu wao wote ni yeye. Binti wa mfalme, mke wa mfalme, lakini alivaa sufu badala ya kitani na kula mara moja kwa siku. Maji ya moto aliyaoga karibu na sikukuu kubwa tu, tena baada ya kuwahudumia wenzake wote wakaoga kwanza. Kwa baridi ya huku mimi ningeshindwa wiki ya kwanza.

Alikufa mwaka 679, ana uvimbe shingoni. Alikuwa akisema ni malipo ya shanga na mikufu aliyojivunia usichanani. Miaka 16 baadaye dada yake Seaxburh, aliyemrithi uongozi, akaamuru afukuliwe ahamishiwe kanisani. Bede anasimulia kwamba mwili ulikutwa haujaoza. Tabibu Cynefrith, aliyekuwa ameupasua uvimbe ule siku chache kabla hajafa, alikuwepo, akaona kidonda kimefunga na kubaki kovu jembamba. Nimesoma taarifa nyingi za wagonjwa, lakini hii ya Cynefrith siichoki. Mpaka leo wenye maradhi ya koo humwomba yeye, na London liko kanisa la Kikatoliki lenye jina lake ambako koo hubarikiwa kila tarehe 3 Februari.

Sasa kwa nini jina limeadimika. Mwaka 1066 Wanormani, watu wa kaskazini ya Ufaransa, waliiteka Uingereza wakaja na akina William, Robert, Richard na Henry. Baada ya vizazi vichache hata mkulima hakutaka mwanawe aitwe kwa jina la walioshindwa. Yaliyosalimika ni machache yenye mtakatifu mkubwa nyuma yake, kama Edward na Edmund. Etheldreda lilisalimika huku kwetu kwa sababu ya kaburi, lakini midomo ya watu ililisaga likawa Audrey. Wakati wa Henry VIII alikuwepo Etheldreda Malte, binti wa fundi wa nguo wa mfalme (watu wakinong'ona kwamba baba hasa ni mfalme), naye huandikwa Audrey vilevile. Ni jina moja.

Audrey nalo likapata mkosi. Kila Oktoba palikuwa na gulio la Mtakatifu Audrey hapa Ely, wakiuza utepe wa hariri wa kuvaa shingoni. Baadaye ukauzwa wa bei chee, ndipo Waingereza wakapata neno "tawdry", yaani kitu cha kumetameta kisicho na thamani. Mtakatifu aliyejutia mikufu jina lake likaishia kwenye mapambo ya magulioni! Shakespeare naye akampa jina hilo msichana mchunga mbuzi. Lilikuja kupanda tena karne ya 20, Audrey Hepburn wa sinema alizaliwa 1929, lakini Etheldreda lenyewe halikurudi naye. Miaka yote niliyofanya kazi wodini huku sijamuuguza Etheldreda hata mmoja, na mji ni wake!

Kwa hiyo bibi yako alibeba kitu ambacho wenyewe walishakiacha. Mimi ningempa mtoto, bila kusita.

Karani_Mstaafu
Nesi umefafanua vizuri. Niongeze la huku nyumbani, maana nimetunza rejista za parokia muda mrefu.

Magila ilikuwa ya UMCA, misheni ya Kianglikana ya vyuo vikuu vya Uingereza, iliyoanzishwa baada ya hotuba ya Livingstone pale Cambridge mwaka 1857. Mapadri wao wengi walisoma vyuo vya kule, na Cambridge iko ndani ya dayosisi ya Ely. Walipenda sana watakatifu wa kwao. Tena karne ya 19 Waingereza wenyewe walikuwa wameyafufua majina ya kale: Alfred, Edith, Mildred, Edwin, Wilfred. Yakaja huku na misheni. Hata askofu Edward Steere, aliyejenga kanisa la Mkunazini Unguja, jina lake ni la ukoo huo huo: baraka na mlinzi.

BintiMuheza, angalia tarehe ya ubatizo. Kalenda ya kitabu cha sala cha Waingereza inamweka Etheldreda tarehe 17 Oktoba. Padri akiletewa mtoto ambaye wazazi hawajamchagulia jina la Kikristo, mara nyingi alitazama kalenda.

BintiMuheza
Shikamoo mzee. Jamani! Cheti kinasema 18 Oktoba 1931. Mjomba anasema ilikuwa Jumapili.

Dada Nesi nimemsomea mume wangu yote. Pale kwa mfalme kungoja miaka 12 kacheka mpaka kakohoa, nikamwambia basi amwombe Etheldreda. Wifi bado anasema tumuite Audrey, ni lile lile na linaandikika.

Karani_Mstaafu
Marahaba mjukuu wangu. Basi ndivyo ilivyokuwa: sikukuu Jumamosi, ubatizo Jumapili.

Neno moja la kazi. Mkienda kuandikisha kizazi, bebeni nakala ya cheti cha bibi na mumpe karani aisome mwenyewe, msimtajie kwa mdomo. Nimeona Eteldrida, Etherdreda, na mmoja Ethel Dreda, majina mawili, ambaye alihangaika na kiapo mahakamani alipotaka pasipoti. Herufi ni kumi. Zihesabuni kabla hamjaondoka dirishani.

NesiWaVinamasi
Audrey ni zuri, lakini Audrey wako wengi, na bibi hakuitwa Audrey. Cheti kiseme Etheldreda, nyumbani aitwe Dreda kama mwenyewe alivyoitwa. Wifi mwambie asubiri wa kwake.

Kipanga_Mweusi
Haya nimeshindwa, Neema nimemtoa. Ila na mimi nina swali: babu yangu kule Masasi aliitwa Oswald. Naye ni wa kundi hili?

NesiWaVinamasi
Wa kundi hili hasa. Kipande cha kwanza ni mungu, cha pili ni mamlaka. Oswald alikuwa mfalme wa Northumbria, akauawa vitani mwaka 642 na Penda, mfalme wa Mercia, ambaye baadaye ndiye aliyemuua Anna, baba yake Etheldreda. Na mdogo wake Oswald ndiye baba wa yule Ecgfrith aliyengojeshwa, kwa hiyo Oswald ni baba yake mkubwa Ecgfrith.

Hesabu mwenyewe: mwenye jina la babu yako ni mkwe wa mwenye jina la bibi yake BintiMuheza. Mwombe radhi kwa lile la darasa la nne.