Kibodi, kipanya na hedseti: nichukue seti ya boksi moja au ninunue kimoja kimoja?

Nukta_Mkato (mleta uzi)

Habari zenu wakuu.

Kazi yangu ni kunukuu. Nasikiliza mahojiano na mikutano iliyorekodiwa, naigeuza kuwa maandishi, kisha mara tatu au nne kwa wiki naingia kwenye vikao vya mtandaoni na wateja. Natumia laptopu ambayo kibodi yake imeanza vituko: herufi "a" haitoki mpaka uibonyeze kwa hasira. Na Kiswahili bila "a" mnakijua wenyewe, "naandika" inakuwa "nndik".

Nataka kibodi ya kuchomeka, kipanya na hedseti kwa mpigo mmoja. Bajeti ni ya mtu anayejilipa mwenyewe. Nimeona seti ya gemu, vyote vitatu boksi moja, taa rangi zote, na bei yake haifiki hata ya hedseti moja ya maana. Muuzaji ananisomea sifa: kipanya DPI 12,000, hedseti 7.1. Naitikia kwa kichwa tu, sielewi kitu. Viganja vinaniuma ikifika jioni, hilo nalo mlipime. Natanguliza shukrani.

MzeeWaSpana

Iache.

Nukta_Mkato

Mkuu, niiache kwa nini? Nifumbue macho.

MzeeWaSpana

Sawa, nilikuwa na kazi mkononi. Bei ya boksi hilo imegawanywa mafungu manne: kibodi, kipanya, hedseti na taa. Na fungu la taa si dogo.

DPI ni idadi ya nukta ambazo kipanya kinahesabu ukikisogeza inchi moja. Skrini nyingi zina upana wa pikseli 1920. Weka DPI 1600, ukisogeza mkono inchi moja na kidogo mshale umeshavuka skrini nzima. Hiyo 12,000 utaipeleka wapi? Tena vipanya vya bei ya chini mara nyingi hufikisha namba hizo kwa kuzidisha hesabu ndani kwa ndani, jicho lenyewe halioni hivyo. Cha kuuliza ni jina la sensa, yaani hilo jicho. PixArt, kwa mfano, wana sensa zinazojulikana kwa namba zake, kama PMW3360, na anayeiweka huiandika kwenye boksi kwa majivuno. Asiyeandika ana sababu zake. Ila kwa kazi yako hata sensa ya kawaida ya ofisini inatosha, kwani unamlenga nani risasi?

Hiyo 7.1 nayo, yaani sauti ya spika nane: hedseti za namna hiyo karibu zote zina spika mbili, kulia na kushoto, kama masikio yako. Zinazobaki ni programu inayochezea mwangwi ili uhisi sauti inatoka nyuma yako. Kwa mtu anayetafuta maneno ndani ya sauti, hiyo ni hasara. Ukiwa nayo unaizima.

Chapachapa

Mzee kamaliza ya kipanya. Mimi nasemea kibodi, maana ndiyo riziki yako. Nenda kwenye kibodi ya swichi, yaani kila kitufe kina swichi yake chini, si utando mmoja wa mpira kwa vitufe vyote. Hataza ya kampuni ya Cherry kwenye swichi za MX ilishaisha muda, ndiyo maana leo Gateron, Kailh na Outemu wanatengeneza za muundo uleule na bei zimeshuka.

Rangi ndiyo lugha yake. Nyekundu inashuka moja kwa moja, kahawia ina kigongo kidogo njiani, bluu ina kigongo na inalia "tak". Nyekundu ya Cherry inataka nguvu ya gramu 45 hivi, na herufi inakubali ukifika milimita 2 katika safari ya milimita 4. Kwa hiyo huna haja ya kugonga mpaka sakafuni, vidole vikishazoea utaona jioni yako.

Tazama na vitufe vyenyewe. Plastiki ya ABS huanza kung'aa kwa kusuguliwa na vidole, PBT huchelewa sana. Na ukiweza, tafuta kibodi ambayo swichi zinachomoka. Siku "a" ikifa unabadilisha swichi moja, maisha yanaendelea. Mimi natumia ile ndogo ya asilimia 60, meza inapumua.

KaraniWaZamani

Kijana, umeandika vizuri halafu ukamtumbukiza mwenzio shimoni. Kibodi ya asilimia 60 haina safu ya F1 mpaka F12. Mtu wa kunukuu anaishi kwenye safu hiyo! Kwenye oTranscribe, programu ya kunukuu, kwa mfano, F1 inarudisha sauti nyuma na F2 inaipeleka mbele. Kwenye kibodi ndogo atashika vitufe viwili kila anapotaka kurudia sentensi, na mahojiano ya saa moja yana marudio yasiyohesabika.

Nimechapa ofisini miaka mingi, sehemu kubwa kwenye kibodi za mpira, na viganja vyangu havijambo. Kilichowahi kunitesa ni vile vimiguu vya nyuma. Nilivisimamisha kwa sababu tu vipo. Vinainua kibodi upande wa nyuma, kiganja kinabaki kimekunjika kwenda juu siku nzima. Nilipovilaza, maumivu yakaanza kupungua taratibu. Cha pili ni upande wa namba kule kulia: unakisukuma kipanya mbali, mkono unakaa umetanuka, bega ndilo linalolipa. Kama kazi yako si ya mahesabu, tafuta kibodi isiyo na upande huo lakini safu ya F ipo. Wenyewe wanaiita TKL. Na kibodi nyingi za swichi ni nene, ukichukua hiyo utahitaji na cha kuegemeza viganja.

Chapachapa

Shikamoo mkubwa. La safu ya F sikulifikiria, nafuta kauli. TKL basi. Redragon K552 ni TKL ya swichi na kwa kawaida si ghali ukiilinganisha na wenzake. Aangalie tu rangi ya swichi kabla ya kulipa.

Nukta_Mkato

Marahaba kwa niaba ya mkubwa, haha. Jamani, kuna maelezo niliyasahau. Nafanya kazi usiku, na chumba hichohicho kuna mtu amelala. Laptopu ina tundu moja tu la hedifoni. Na muuzaji wa pili ananishawishi nichukue za Bluetooth niachane na habari za waya.

SikioLaTatu

La usiku ulipaswa kuanza nalo! Linageuza meza. Swichi za bluu sahau kabisa, na hata nyekundu ukigonga mpaka chini zinasikika. Hapo kibodi ya mpira inashinda, samahani Chapachapa.

Sasa hedseti, ambayo kwa maoni yangu inastahili nusu ya bajeti yako, kwa sababu wewe unalipwa kwa kusikia. Bluetooth ya kusikilizia tu haina neno. Balaa linaanza ukifungua maiki. Kwenye Bluetooth tuliyoizoea, hedseti inahama kutoka hali ya muziki kwenda hali ya simu, na sauti inashuka mpaka sampuli 16,000 kwa sekunde, au 8,000 kwa zile za zamani. CD ina 44,100. Ndiyo maana mtu akiwasha maiki kikaoni anasikika kama yuko ndani ya pipa, na yeye anawasikia wenzake vilevile. Halafu kuna kuchelewa kidogo: unabonyeza kusimamisha, neno linakuponyoka, unarudisha tena.

Kuhusu tundu moja, tazama pini ya hedseti. Yenye mistari mitatu inabeba sauti na maiki pamoja, inaingia bila shida kama tundu lako ni la aina hiyo. Zenye pini mbili zinataka kiunganishi. Ya USB inakuepusha na hesabu hizo zote, ina kadi yake ya sauti, hivyo hata kama tundu la laptopu lina mvumo wewe hauusikii. Angalia zilizotengenezwa kwa ajili ya simu za ofisini: Logitech H390, Jabra Evolve 20, Poly Blackwire 3220. Hazina mbwembwe. Uliza kama sponji za masikio zinauzwa peke yake, maana ndizo huchakaa mapema. Na usichukue zilizo wazi kwa nyuma, zinavujisha sauti. Aliyelala atayajua mahojiano yako yote.

Maiki usiiweke mbele ya mdomo. Ipeleke kwenye kona ya mdomo, kama vidole viwili mbali, pumzi isiipige. Kabla ya kulipa jirekodi nusu dakika, kisha jisikilize kama unavyomsikiliza mteja.

ChuraMkavu

Nichangie kidogo kwenye kipanya. Changu kisicho na waya kilikuwa kinarukaruka, nikakirudisha, nikapewa kingine, kikaruka vilevile. Nikaanza kulaumu meza. Kumbe risiva, kile kidude cha USB kinachopokea mawimbi ya kipanya, nimeichomeka jirani na diski ya nje ya USB 3.0. Intel walishaandika tangu 2012 kwamba USB 3.0 hutoa kelele kwenye masafa ya 2.4 GHz, ambako ndiko vipanya hivyo vinazungumzia. Nikaihamishia upande wa pili wa laptopu, ikawa mwisho wa hadithi.

Kwa kazi ya usiku, Logitech M220 inabofya kimyakimya na inakula betri moja ya AA. Ila ni ndogo, mwenye mkono mkubwa itamchosha.

MzeeWaSpana

Na cha waya kisidharauliwe, hakina betri wala risiva ya kupotea. Popote utakaponunua tunza risiti. Siku kipanya kikianza kubofya mara mbili wakati wewe umebofya mara moja, ujue kiswichi cha ndani kimechoka, na dhamana ndiyo itakayokuokoa.

Nukta_Mkato

Wakuu, nimeamua. Hedseti ya USB ndiyo ya kwanza na nimeitengea zaidi ya nusu ya fedha. Kibodi nimepata ya mpira, haina upande wa namba, safu ya F ipo. Kipanya nachukua hicho cha kimyakimya, mkono wangu mdogo. Seti ya taa nimemwachia muuzaji.

KaraniWaZamani

Safu ya F iangalie vizuri. Kibodi nyingine zinaiweka kwa ajili ya sauti na mwanga, F1 yenyewe haipatikani mpaka ushike Fn. Ulizia kama hilo linaweza kugeuzwa. Ikifika, fungua ukurasa wa kujaribu vitufe ubonyeze kimoja baada ya kingine.

Halafu nikuulize, hiyo "a" ya laptopu uliwahi kuing'oa ukasafisha chini yake? Au kuna kitu kiliwahi kumwagika hapo?

Nukta_Mkato

Mkubwa, hilo naomba nisijibu mbele za watu.