Naombeni ushauri: Titanic ya LEGO niiweke wapi?

Wakuu, habari za jioni.

Nakaribia kumaliza kuunga modeli ya meli ya Titanic ya LEGO (vile vipande vya plastiki vya kuunganisha), ile ya vipande 9,090 iliyotoka mwaka 2021. Kwa kweli ni kazi ya fundi. Ukizungusha pangaboi za nyuma, pistoni za injini nazo zinapanda na kushuka. Meli inaachana sehemu tatu, na ndani unaona ngazi kuu na chumba cha boila. Kilichonichosha ni madirisha ya ubavuni, maana unarudia kitu kilekile mpaka vidole vinauma, ila ukiitazama kwa mbali unaona ilistahili.

Sasa shida ni mahali pa kuiweka. Ina urefu wa sentimita 135, kabati langu haliitoshi. Sebuleni kuna vumbi la barabarani na jua la mchana, nami naogopa vile vipande vyeupe vitageuka njano.

Waliowahi kuwa na meli kubwa hivi, mlichongesha kasha la kioo au la akriliki (plastiki angavu kama kioo)? Na zile kamba za milingoti mnazifutaje vumbi bila kuzing'oa? Bado tunaishi nyumba ya kupanga, kwa hiyo nahitaji kitu kinachohamishika.