Mtambo wa Marconi wa Titanic: paa likatwe utolewe, au tuishie kwenye picha?

Mleta mada: Wadau, mwaka 2020 mahakama ya shirikisho huko Virginia iliiruhusu kampuni ya RMS Titanic, yenye haki ya kutoa vitu kwenye mabaki ya meli hiyo iliyozama, kukata paa la chumba cha redio, ikibidi, ili kutoa mtambo wa Marconi (redio ya simu ya maandishi) uliotuma wito wa msaada usiku wa Aprili 14 kuamkia 15, 1912. Serikali ya Marekani ikakata rufaa, kisha mpango ukaahirishwa kwa sababu ya korona. Mimi napinga kukata. Mnasemaje?

Mhifadhi: Utolewe. Bakteria wanaila meli. Mwaka 2024 kipande cha ukingo wa omo (mbele ya meli), kama mita 4.5, kilikutwa kimeanguka. Paa hilo likiporomoka, mtambo umekwenda.

Fundi kamera: Mkuu, usiidharau picha. Mwaka 2022 roboti mbili zilipiga picha zaidi ya 700,000 bila kugusa kitu, zikaunganishwa kuwa meli nzima ya pande tatu. Hata namba iliyochongwa kwenye pangaboi inasomeka!

Lakini kazi hiyo haitaki haraka. Kule ni kina cha mita 3,800, giza totoro. Taa ukiziweka karibu na lenzi, chembe zinazoelea zinarudisha mwanga na picha inajaa vidoa vyeupe. Zitenge pembeni zimulike kwa mshazari. Maji humeza wekundu kwanza, kwa hiyo ukipiga kwa mbali kutu yote inatoka kijani. Kila picha ifunike iliyotangulia kwa asilimia 70 hadi 80, la sivyo programu inashindwa kuunganisha. Na roboti ielekee mkondo, tope itakalotimua libaki nyuma yake.

Mhifadhi: Hiyo ni nje. Chumbani roboti inaburuta kebo. Ikinasa kwenye nyaya zinazoning'inia, haitoki.

Mleta mada: Na huo mtambo ukitoka? Chuma kilicholowa chumvi miaka mia kikikauka hewani, kinapasuka.

Mhifadhi: Ndiyo maana hakikaushwi. Kinaingizwa majini papo hapo, kisha chumvi inatolewa polepole, miezi hadi miaka. Vitu zaidi ya 5,000 vya Titanic vimeshatolewa, kazi hiyo inafahamika.

Mleta mada: Vingi viliokotwa sakafuni, nje ya meli. Hapa unapasua meli waliyofia watu 1,500 hivi. Lile dirisha la paa juu ya chumba liko wazi tayari: ipite kwanza kamera ndogo, tuone kilichobaki, ndipo tuzungumzie msumeno.

Mhifadhi: Kamera ipite, sawa. Ila ipite msimu huu.