Spacio ya 2002: nimwage oili ya gia boksi au niiache kama ilivyo?

Mdau wa Pasua, Moshi

Wakuu habari za jioni, naombeni msaada hapa maana nimebaki njia panda. Nina Toyota Spacio ya 2002, injini ya 1NZ, gia otomatiki, niliichukua kwa mtu hapa hapa Moshi mwaka jana mwishoni, inasoma kilomita 186,000 na kitu. Aliyeniuzia anasema tangu aipate hajawahi kugusa oili ya gia boksi, yeye anabadilisha ya injini tu. Sasa tangu hii baridi ya Juni imeanza, asubuhi nikiweka D inakaa kama sekunde mbili hivi ndo inashika, na inashika kwa kishindo, unausikia mpaka kwenye kiti. Ikishapata moto inatulia. Jumamosi huwa napanda Marangu kwa mama na kule mlimani inahangaika, inaingia gia ya nne inatoka inarudi ya tatu, inaingia tena, hivyo hivyo mpaka nafika.

Fundi wangu anasema tumwage tuweke mpya. Jirani yangu, mtu mzima na amemiliki magari miaka mingi, anasema nikithubutu kumwaga oili ya zamani gia boksi inakufa ndani ya mwezi. Wote wawili nawaheshimu na hela ya gia boksi nyingine sina, na gari hii ndo inampeleka mama kliniki KCMC. Kuna aliyefanya hii kitu kwenye gari ya umri huu ikabaki salama?

Dereva wa Himo

Aisee usiguse kaka. Bro wangu alikua na Carina inatembea vizuri tu, labda kuchelewa kidogo kuvuta, fundi akamshawishi wakabadilisha oili, wiki mbili baadaye R ikagoma kabisa, gari inaenda mbele tu, kila akitaka kupaki watu wanamsukuma kurudi nyuma. Mwisho akanunua gia boksi ya mtumba. Oili iliyozoeana na gia boksi iache.

Fundi wa Sakina, Arusha

Dereva wa Himo hicho unachosema kinatokea na nimekiona kwa macho yangu, sikupingi, ila tuangalie kilichoiua ile Carina ni nini hasa.

Ndani ya gia boksi otomatiki kuna klachi za diski nyembamba, zimebandikwa kitu kama karatasi ngumu, na kinachozibana zishike ni presha ya oili. Hizo klachi zikilika, unga wake unabaki unaelea kwenye oili, na ule unga unaleta mkwaruzo fulani, klachi iliyokwisha inapata pa kujishikizia. Ukija ukamwaga ukaweka oili safi, klachi haina kitu na unga haupo, inateleza. Kwa hiyo gia boksi ilikua imeshakufa kabla, oili mpya imeonyesha tu. Na watu wengi huikumbuka oili siku gari imeshaanza kugoma, ndo maana hizi stori zote zinafanana, alibadilisha ikafa. Aliyebadilisha mapema ikaendelea kutembea haji kusimulia.

Asa wewe Mdau usimwage wala usiache, kwanza pima. Endesha kama dakika 20 ipate moto, paki mahali tambarare, injini ikiwa inaunguruma na breki umekanyaga pitisha gia zote P mpaka L taratibu urudishe P, halafu ukiwa hujazima chomoa stiki ya gia boksi (kile kijiti cha kupimia oili), ifute, irudishe, ichomoe tena. Kuna alama za COOL na HOT, ukiwa umetoka kuendesha unasoma ya HOT. Ikiwa chini ya hapo, kule kuchelewa kwa asubuhi kunaweza kua ni upungufu tu, na ujue inavujia wapi. Kisha dondosha tone moja kwenye tishu nyeupe uiache itambae. Nyekundu ni nzima. Ikiwa ya kahawia imechoka. Ikiwa nyeusi na inanuka kuungua hapo tuongee kwanza kabla hujashika spana. Ikiwa imekua kama maziwa ya strawberi simamisha gari kabisa, hiyo ni maji ya rejeta yamepita kwenye kipoozeo cha oili kilichomo chini ya rejeta, na maji yanabandua gundi ya klachi.

Na nijibu hivi viwili: ukikanyaga mafuta mlimani, rpm (mizunguko ya injini) inapanda gari ikabaki pale pale? Taa ya O/D OFF, ile ya kuonyesha gia ya nne imezimwa, inajiwasha na kuzima yenyewe?

Mdau wa Pasua, Moshi

Shukrani sana fundi. Nimefanya leo baada ya kazi. Tishu imekua kama chai ya rangi iliyokolea, katikati kahawia, pembeni imetambaa duara lenye wekundu kidogo, harufu ya kuungua sijaisikia. Kipimo kiko kati kati ya alama za HOT. Rpm haipandi bure, nikikanyaga gari inaondoka, tatizo ni ile ya asubuhi na kule kuingia kutoka mlimani. Taa haiwaki.

Kwenye mpini wa stiki kumechongwa T-IV, nadhani ndo aina ya oili. Ila fundi wa huku anasema ana WS na ni kitu kile kile, zote za Toyota. Na anasema ana rafiki yake ana mashine, inasukuma oili yote ya zamani inatoka kwa mara moja.

Mama wa Njiro

Kaka kabla hujaenda popote nisikilize mimi. Mwaka juzi nilipeleka gari gereji moja hapa Arusha nikaomba kubadilisha oili ya injini, service ya kawaida. Nikakaa kwenye benchi na simu yangu. Kijana akaingia chini, akafungua, akamwaga, akafunga, akaja juu akajaza injini lita zake nne, hela nikatoa nikaondoka. Kufika Kijenge gari inalia kama inapiga mluzi, nikikanyaga haivuti, nikasogea pembeni nikapiga simu. Fundi mwingine alivyokuja akachomoa stiki ya injini, oili imepita alama mbali mno, akachomoa ya gia boksi, kavu. Yule kijana alimwaga oili ya gia boksi akidhani ndo ya injini, halafu akaongeza mpya juu ya oili ya injini iliyokuwepo! Nilivyoambiwa nikakumbuka kabisa kwamba beseni lilikua na oili nyekundu, nililiona kwa macho yangu na sikujua maana yake.

Simama pale pale chini ya gari. Muulize kila nati anayofungua ni ya nini. Gari yangu ilipona lakini niliogopa kuiendesha miezi.

Fundi wa Sakina, Arusha

Pole sana dada, na hiyo inatokea kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu sampo (beseni la oili la chini) ya injini na ya gia boksi zinakaa jirani. Kwenye hizi Toyota ndogo, nati ya kumwagia oili ya injini ina kichwa cha kawaida, unafungua na spana 14. Ya gia boksi ina tundu la pembe sita, unaingiza funguo ya L namba 10. Mtu akija na spana ya 14 anakwenda injini, akija na L anakwenda gia boksi, hapo hata kama hujui ufundi utamwona.

Mdau, majibu yako yananipa moyo. Kahawia bila harufu na haitelezi, hiyo oili imechoka, gia boksi bado. Badilisha. Ila mashine mwambie hapana. Gari imetembea 186,000 bila kubadilishwa, kuna uchafu umelala kwenye kona miaka yote hiyo umetulia, ukiusukuma kwa presha unaenda kukwama kwenye valvu bodi, ile sehemu inayogawa oili kwenye klachi, vile vijinjia ni vyembamba sana, ndo utakuja kulaumu oili. Tumia njia ya kumwaga na kujaza. Gia boksi yako nzima inabeba karibu lita 7 lakini ukifungua nati zinatoka karibu 3 tu, nyingine zimebaki kwenye torki konveta (kile kinachounganisha injini na gia boksi) na mabomba. Maana yake mara ya kwanza mpya inakua kama asilimia 43, ukirudia baada ya kilomita elfu moja unafika 67, ya tatu 81. Inabadilika polepole na gia boksi inazoea polepole.

Mara ya kwanza washushe na sampo yenyewe, chujio liko humo na sumaku ziko humo. Sumaku zikiwa na unga laini wa kijivu, kama masizi yaliyokorogwa na mgando, ni kawaida kwa umri huo. Ukikuta vipande vinavyometa, vinavyochoma kidole, piga picha uilete hapa kabla ya kufunga. Chujio jipya, gasketi mpya, bolti za sampo zikazwe kidogo kidogo kwa kuzunguka na kwa mkono mwepesi, ile bati ni laini ikipinda itavuja daima. Oili iliyotoka ipimeni kwenye chupa za maji, iliyotoka lita tatu na robo inarudi lita tatu na robo, kwa faneli kwenye tundu la stiki, halafu mnapima kwa moto kama nilivyokuelekeza.

Kuhusu WS, sio kitu kile kile. WS ni nyepesi, imekuja na gia boksi za baadaye, na Toyota wenyewe wanazitenganisha. Stiki imesema T-IV, weka T-IV. Na wengine mnaosoma, kama gari yako ni CVT (otomatiki ya mkanda, isiyo na gia za kuhesabu) usije ukaweka ATF, yaani oili ya otomatiki za kawaida, kwa sababu tu duka halina ya kwako, ule mkanda wa chuma unahitaji oili yake. Honda nao wana ya kwao. Soma stiki, soma kitabu, usimsikilize muuza duka.

Kule mlimani, kutoka Himo mpaka geti la Marangu unapanda hadi zaidi ya mita 1,800, bonyeza O/D izime, gari ibaki kwenye gia tatu. Ile kuingia na kutoka nne ndo inapika oili.

Dereva wa Himo

Nimesoma yote fundi. Ya bro sasa hivi naielewa, maana kweli ilikua inakuja juu rpm bila kwenda hata kabla ya kubadilisha, tulikua tunasema injini imechoka. Kesho na mimi naenda na tishu kwenye Rav4 yangu.

Mdau wa Pasua, Moshi

Wakuu mrejesho. Tumefanya jana asubuhi mpaka saa saba mchana, nilisimama pale pale kama dada wa Njiro alivyosema, na fundi wangu hakuchukia, alinielekeza kila kitu. Zimetoka lita tatu na kikombe, tukapima kwenye chupa za maji. Sampo ilivyoshuka sumaku zilikua zimevimba kwa ule unga wa kijivu, nikausugua kwa vidole viwili muda mrefu natafuta kitu kinachochoma sikukipata, ni laini tu kama poda. Chujio la zamani ukilitikisa linatoa oili nyeusi. T-IV niliipata duka la tatu, la kwanza kopo lilikua na kifuniko kimeshafunguliwa nikaliacha.

Leo asubuhi baridi ilikua kali, mlima umejifunika wote, nimeweka D ikashika kama nusu sekunde, kishindo bado kipo ila kidogo. Nimeandika kwenye karatasi ndani ya bonati 186,940, ya pili namwaga ikifika 188,000, oili yake nishanunua iko stoo. Jumamosi napanda kwa mama na O/D imezimwa.

Fundi wa Sakina, Arusha

Vizuri sana. Ukishuka Marangu hiyo jumamosi usiende nyumbani moja kwa moja, paki hapo Himo tambarare uchomoe stiki, maana hapo oili itakua na moto wa kweli kuliko ile ya gereji. Ikiwa imepita HOT nyonya kidogo kwa mpira na sindano, ikizidi gia zinaipiga inakua povu na povu halibani klachi. Utuambie imesoma wapi.