Taya la shemeji limevimba, tusubiri Jumatatu?

Leicester, Jumamosi saa 3 usiku

Habarini za jioni ndugu zangu. Shemeji yangu gego la chini upande wa kulia linamsumbua tangu Jumatano. Mwanzoni alikuwa anabana karafuu, likatulia kidogo. Jana akaanza amoksilini alizotumiwa na mama mkwe toka Dar. Leo taya limevimba, ila anasema maumivu yamepungua. Daktari wa meno hatuna, kila kliniki tuliyopiga simu haipokei wagonjwa wapya wa NHS, yaani huduma ya afya ya serikali hapa Uingereza. Tusubiri Jumatatu?

Coventry, saa 3:15

Dada, mimi ni muuguzi. Mwambie atoe ulimi nje, kisha ameze mate. Halafu apanue mdomo: vidole vyake vitatu, kimoja juu ya kingine, vinapita katikati ya meno ya mbele? Mguse na chini ya taya, pale kidevu kinapokutana na shingo. Pako laini au pagumu?

Akiwa hawezi kumeza na mate yanamchuruzika, anaongea kama ana tonge mdomoni, ulimi umenyanyuka, anahema kwa tabu au hawezi kulala chali, hapo ni 999, namba ya dharura, bila kujadiliana. Jicho likianza kufumba kwa uvimbe, idara ya dharura ya hospitali, yaani A&E moja kwa moja. Usaha wa magego ya chini unaweza kushuka chini ya ulimi na shingoni, na njia ya hewa ikabanwa ndani ya saa chache.

Hilo la maumivu kupungua ndilo linalonitia wasiwasi. Kiini cha jino kikishakufa maumivu hupoa, lakini uchafu bado umo ndani. Na antibayotiki peke yake haimalizi jipu la jino. Lazima jino lifunguliwe au ling'olewe, usaha utoke. Panadoli amekunywa ngapi? Mtu mzima asizidishe vidonge 8 vya miligramu 500 kwa saa 24, na dawa nyingi za mafua zina hiyo hiyo ndani yake.

Leicester, saa 3:40

Vidole viwili tu, tena kwa shida. Kumeza anameza, ila anakunja uso. Chini ya taya pagumu. Homa 38.6. Panadoli kanywa 6 tangu asubuhi.

Coventry, saa 3:43

Mpelekeni A&E sasa hivi. Asile kitu, huenda wakampasua usiku huu. Bebeni pakiti ya hizo amoksilini waione. Akianza kuhema vibaya kabla hamjatoka, pigeni 999.

Milton Keynes, saa 4:30

Shemeji apone haraka. Naongeza langu kwa wanaosoma. Mimi naendesha basi. Mwaka juzi taya la kushoto lilikuwa linaniuma nikipanda ngazi, nikikaa linaacha. Nikajua ni jino. Daktari wa meno akayagonga meno yangu moja moja, yote mazima. Akaniuliza, una kisukari? Ninacho. Akavua glovu, akapiga simu mwenyewe. Wiki ile ile nikawekewa stenti, kijimrija cha kupanua mshipa, kwenye moyo. Kifua hakikuniuma hata siku moja. Taya likiuma ghafla pamoja na jasho, kichefuchefu au kukosa pumzi, ni 999, msitafute daktari wa meno.

Bristol, Jumapili asubuhi

Kwa jino linalouma bila hizo dalili alizotaja dada wa Coventry, pigeni 111, namba ya ushauri ya NHS, saa yoyote, siku yoyote. Wao ndio wanaotafuta nafasi ya dharura, hata kama hujaandikishwa popote. Kiingereza kikigoma sema tu "Swahili", subiri kwenye laini, watakuletea mkalimani. Msimpe mtoto wa miaka 9 simu akutafsirie. England malipo ya dharura ya meno mwaka 2025 yalikuwa pauni 27.40, na wajawazito na aliyejifungua ndani ya miezi 12 hawalipi. Wenye hofu ya karatasi: matibabu ndani ya A&E yenyewe ni bure kwa kila mtu. Maswali ya malipo huja ukishalazwa.

Na mtoto aking'oka jino la ukubwani uwanjani, lishikeni upande mweupe wa kutafunia, si kwenye mzizi. Lirudisheni kwenye tundu lake, au litumbukizeni kwenye maziwa mkimbie, lisaa lisipite. La utotoni msilirudishe.

Leicester, Jumanne

Ahsanteni sana. Walimpasua saa 8 usiku ule ule, chini ya taya, na gego likatoka. Ana mrija shingoni, jana kanywa uji, leo kaomba chai ya tangawizi wakamletea ya baridi. Mama mkwe kapiga simu. Kalia, kashukuru, halafu kauliza amoksilini zimebaki ngapi, kuna jirani yake jino linamsumbua.