Mume akikutwa na presha, mke naye apimwe siku hiyo hiyo?

Mleta mada
Habari za jioni wakuu. Mwezi uliopita nilimsindikiza mume wangu kliniki hapa Dodoma. Kaandikiwa dawa za presha, kaambiwa apunguze chumvi na mafuta, atembee. Mimi nimekaa pembeni nimeshika kadi yake, hakuna aliyeniuliza neno. Na chumvi ya nyumba ile naitia mimi! Nikaomba na mimi nipimwe: 152 kwa 96. Wala sikuwa nasikia maumivu popote.

Hoja yangu: mmoja akikutwa na presha, mwenza wake apimwe siku hiyo hiyo na ushauri wa chakula wapewe wote wawili. Kwa wajawazito tumeshazoea, mama anaambiwa aje na mwenza wapime VVU pamoja. Kwenye presha tunamwachia mtu mzigo peke yake. Utafiti uliochapishwa 2023 uliangalia wanandoa wa makamo na wazee ambao wote wawili wana presha: Uingereza kama 47 katika kila ndoa 100, Marekani 38, China 21, India 20. Presha haiambukizi, lakini sufuria ni moja.

Mkazi wa Kizota
Dada, pole, ila napinga. Watu huoana wakiwa wameshafanana. Mimi na mke wangu tulijuana mnadani Msalato, Jumamosi, kila mtu na nyama choma yake na chumvi pembeni. Ndoa haikutufundisha kitu hapo. Halafu nauli ya watu wawili kutoka kijijini nani atalipa?

Mleta mada
Kaka, kufanana kabla ya ndoa sikatai. Lakini kule Framingham, Marekani, watu 12,067 walifuatiliwa tangu 1971 hadi 2003. Matokeo yalitoka 2007: mmoja akinenepa kupita kiasi, uwezekano wa mwenzake kunenepa vile vile uliongezeka kwa asilimia 37. Hao walikuwa wameshaoana.

Muuguzi mstaafu
Mwanangu, kwanza 152 kwa 96 ya siku moja haitoshi kusema una presha. Rudi upimwe siku nyingine ukiwa umetulia.

Kwenye hoja niko na wewe. Nimewaona wanaume wakirudi kliniki dawa wanameza vizuri na presha haishuki, ukiuliza nyumbani wanakula nini, hawajui, apikaye hakuja. Sisi huku mlenda tunaulainisha kwa magadi, na magadi nayo yana sodiamu kama chumvi. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asifikishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani pungufu ya kijiko kimoja cha chai, vyakula vyote pamoja. Mgonjwa akiambiwa "punguza chumvi" anaacha ya mezani tu, ya jikoni inabaki pale pale.

Na sigara ni hivyo hivyo. Uingereza, utafiti wa 2015 ulikuta wanawake wavutaji ambao waume zao waliacha, nusu yao nao waliacha. Mume alipoendelea kuvuta, walioacha ni 8 tu katika 100.

Mama wa watu wanne
Mnaongea kama kila nyumba ina amani. Mimi nina sukari mwaka wa tatu na mume wangu hajui. Kliniki wakimwita, atasema nimemletea ugonjwa ndani, na mimi ndiye nitakayerudi kwetu.

Mleta mada
Dada yangu, hilo sikulifikiria, na limenigusa sana. Basi nabadilisha: mgonjwa aulizwe kwanza, faragha, kama anataka mwenzake aitwe. Akikataa, iishe hapo. Ila anayekuja mwenyewe kama nilivyokuja mimi, amekaa kwenye benchi lile lile, asirudi nyumbani bila kupimwa. Hapo hakuna nauli ya ziada, kaka wa Kizota. Unapinga na hilo?