Mkutano mkuu wa kijiji: ulishawahi kusimama ukauliza? Tupeane uzoefu

Wakuu, habari za jioni. Nikisikia mtu analalamika kijiji chao kinaendeshwa na watu wanne, huwa namuuliza: mkutano mkuu uliopita ulikwenda? Ni wa kila mkazi aliyetimiza miaka 18, na hapa Tanzania Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inaizuia halmashauri ya kijiji kugawa ardhi bila idhini ya mkutano huo. Ni nguvu kubwa tunaiacha chini ya mwembe.

Naanza na langu. Mwaka juzi mtendaji alisoma mapato na matumizi ya ujenzi wa darasa mbiombio. Alipofika "saruji, mifuko 60", fundi aliyejenga, alikuwa amechuchumaa nyuma kabisa, akanyoosha mkono: "Mimi nilipokea 42. Daftari ninalo." Kimya. Mwenyekiti akataka kuahirisha. Bibi mmoja akasema hapa hatoki mtu mpaka hiyo 18 ijulikane iko wapi. Kamati ya watu watano ikaundwa palepale. Mifuko 11 ilirudi, 7 tunaidai hadi leo. Ila taarifa sasa inabandikwa ukutani kila baada ya miezi mitatu.

Haya, leteni yenu.

Mchangiaji wa 2: Kwetu tulisaini mahudhurio ya kikao cha choo cha zahanati. Baadaye tukazikuta sahihi zetu zimeambatishwa kwenye muhtasari wa kumpa mwekezaji ardhi! Iliniuma sana, maana sahihi ya marehemu baba yangu ilikuwemo. Siku hizi hatusaini karatasi ambayo haijaandikwa tarehe na ajenda juu, na chini ya jina la mwisho tunapiga mstari.

Mchangiaji wa 3: Mimi ni mama wa watoto wanne. Mikutano yetu ilikuwa saa nne asubuhi, sisi tuko shamba au kisimani. Tukaenda kina mama tisa kwa mwenyekiti, ikahamishiwa saa kumi jioni. Mkutano wa kwanza tu, kukarabati ofisi kukashindwa kura, pampu ya kisima ikapita.

Mchangiaji wa 4: Salamu kutoka Kenya. Ibara ya 196 ya Katiba yetu inalitaka bunge la kaunti lishirikishe umma, lakini tangazo lilitufikia siku mbili kabla, na bajeti yenyewe ni kitabu kizito cha Kiingereza. Tuliomba kurasa za wadi yetu pekee, mwalimu mmoja akatusomea kwa Kiswahili pale sokoni. Tulienda tukijua tunachouliza.

Mchangiaji wa 5: Mimi niko mjini, mkutano wa mtaa sijawahi kwenda. Muhtasari wa uliopita nitaupataje?

Mleta mada: Mkuu, mimi niliandika barua, nakala yangu ikagongwa muhuri wa kupokelewa. Siku ya tatu nikaitwa kuuchukua. Jaribu, halafu rudi utuambie.